Mihogo ya Amani na wasomaji wake

Kwetu Muheza mpira hauhitaji maelezo. Ni ule mti wa uani, unaopandwa kwa ajili ya ua au kivuli. Ukiuchanja shina unatoa utomvu mweupe unaonata vidoleni, na majani yake machanga huchumwa, yakatwangwa kinuni, yakachemshwa kwa muda mrefu mpaka sumu na ukali viishe, kisha yakaungwa kwa nazi. Hicho ndicho kisamvu cha mpira, na mimi nakipenda kuliko kisamvu cha muhogo wenyewe. Mama yangu hutwanga vyote viwili. Siku moja nikimsaidia kuchambua, alilaza jani la mpira juu ya jani la muhogo kwenye ungo akaniambia, "Mwanangu, hawa ni ndugu. Tazama vidole vyao."

Ni ndugu kweli. Wataalamu wa mimea wanauita mpira huu Manihot glaziovii, na muhogo wanauita Manihot esculenta. Asili ya yote miwili ni Amerika ya Kusini. Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kuwa chakula. Mpira uliletwa kwetu na Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19, kwa sababu ya utomvu wake. Kwamba undugu huu ulikuja kulinda chakula cha mamilioni ya watu, kutoka pwani ya Tanga mpaka Nigeria, sikuwahi kuambiwa shuleni. Nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, tena kupitia maandishi ambayo kikazi hayanihusu.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na kazi yangu ni mbu. Tunawapanga kwa aina, tunawapasua, tunautoa utumbo wao kwenye tone la maji, tunautia rangi nyekundu na kuutazama kwenye hadubini. Mbu aliyemeza vimelea vya malaria na vikamkubali, utaviona vifuko vya mviringo vimeota kwenye ukuta wa nje wa utumbo. Asiye navyo, utumbo wake ni safi. Nimeutazama ukuta huo kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtu aliponionyesha makala ya mwaka 1933 iliyoandikwa Amani, mlimani juu kidogo ya kwetu, kuhusu mdudu wa mahindi na ukuta wa utumbo wake, sikuweza kuiweka chini. Tangu siku hiyo nasoma mambo ya mahindi, ya mihogo, ya katani, na nimefuata njia ya watu waliofanya hivyo kabla yangu kwenye mlima uleule. Historia ya Amani husimuliwa kama historia ya bustani na majengo. Mimi naisoma kama historia ya watu waliokuwa wakisoma kazi za wenzao wa fani nyingine, na ya hasara iliyotokea kila walipoacha.

Na tuanze kabla ya Amani yenyewe, kwa sababu mkoa wa Tanga ulikwisha kugeuzwa sura na msomaji mmoja. Richard Hindorf alikuwa mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikitafuta zao la kupanda huku pwani. Katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza, alikuta habari za mmea wa nyuzi wa Mexico uitwao mkonge. Jarida lile liliandikwa na Waingereza kwa ajili ya makoloni yao, na mmea wenyewe Wamexico hawakutaka utoke kwao. Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilisafiri kwa meli mpaka Hamburg na kutoka Hamburg mpaka Tanga, na iliyofika hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba ya mkonge niliyoyaona utotoni mwangu kila tulipopanda basi kwenda Tanga mjini yana asili yake katika miche hiyo 62, na miche hiyo ina asili yake katika kurasa za jarida la watu wengine.

Amani ilianzishwa mwaka 1902. Kutoka Muheza unapita Bombani na Kisiwani, unafika Sigi, kisha barabara inaanza kupanda msituni mpaka kufikia kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, na joto la bondeni linabaki nyuma. Wajerumani walijenga pale taasisi ya baiolojia na kilimo, yenye bustani ya majaribio, maabara za kemia, watu wa mimea na watu wa wadudu, na maktaba. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Robert Koch, yule wa kifua kikuu, alifika mwaka 1905 akawa anapasua mbung'o pale juu. Mwaka huohuo wa 1905 taasisi ikaanza kutoa jarida lake, Der Pflanzer, ili mambo yaliyogunduliwa mlimani yawafikie wenye mashamba mabondeni.

Mtu wa kumwangalia hapa ni Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi. Mwaka 1906 aliandika katika Der Pflanzer kuhusu ugonjwa unaokunja majani ya muhogo na kuyatia mabaka ya njano. Mjerumani mwingine, Warburg, alikuwa ameshautaja mwaka 1894 katika maandishi yake kuhusu Usambara. Ndio ugonjwa ambao leo mkulima anauita batobato. Zimmermann hakuona kuvu wala bakteria, akafikiri lazima ni kitu kidogo kuliko hivyo kinachoambukiza. Kwa mwaka 1906 hiyo ilikuwa fikra ya mtu anayefuatilia yanayoandikwa mbali na meza yake, kwa sababu habari za vijidudu vinavyopenya hata chujio la kuzuia bakteria zilikuwa bado changa, na zilitokana na tumbaku na ng'ombe wa Ulaya.

Mtu huyohuyo alikuwa pia bingwa wa mpira. Mashamba ya mpira yalikuwa yametapakaa Tanga na Morogoro, bei ilipanda sana mwaka 1910, na mwaka 1913 Zimmermann akatoa kitabu kizima kuhusu kilimo chake. Mwaka huohuo bei ikaporomoka, maana mpira wa Malaya ulikuwa bora na wa bei nafuu. Mashamba yakaachwa. Miti ikabaki kwenye mipaka, kando ya njia na nyuani, na watu wetu wakagundua kwamba majani yake yanalika. Zimmermann alikuwa na vitu vyote viwili mikononi: muhogo unaougua, na nduguye asiyetetereka. Kuviunganisha kulingoja miaka mingine 20 na zaidi.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoifunga bahari, Amani ilionyesha faida ya kuwa na watu wa fani nyingi chini ya paa moja. Meli hazikuja, dawa hazikuja, sabuni hazikuja. Wataalamu waliozoea kupima majani na kuandika ripoti wakageuka wenye viwanda. Kwa miezi 18 ya mwanzo walitoa chupa zaidi ya 15,000 za vileo, ratili zaidi ya 7,000 za kakao na chokoleti, vipande 10,000 vya sabuni, unga wa kusafishia meno, mafuta ya mbarika, viungo, vitu vya mpira. Muhimu kuliko vyote ilikuwa kwinini, iliyotokana na magome ya miti waliyoipanda wenyewe miaka iliyotangulia kwa ajili ya majaribio. Bila ya hiyo jeshi la Kijerumani la Lettow-Vorbeck lingemalizwa na malaria mapema. Simsifu Lettow-Vorbeck: vita yake iliwaua wapagazi wetu na kuwaachia njaa wenyeji wa kila wilaya aliyopita. Ninachotaka kionekane ni kwamba mtu wa mimea aliyejua kemia ya jirani yake ndiye aliyeweza kuligeuza gome kuwa dawa.

Waingereza waliitwaa Amani mwaka 1916, na kwa miaka iliyofuata waliiacha idhoofike. Nusura ifungwe. Tume ya Bunge lao iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ililalamika waziwazi kwamba hazina kama ile imeachwa ioze. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imefunguliwa upya, safari hii ikihudumia makoloni yote ya Waingereza katika eneo letu. Miongoni mwa walioajiriwa alikuwa H. H. Storey.

Huyu ndiye mwandishi wa makala ile ya 1933. Storey alitokea Afrika Kusini, ambako alikuwa amethibitisha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi unaenezwa na kidudu kidogo kirukaji kinachofyonza utomvu wa majani. Alipofika Amani alikuwa na swali lililomkera: kwa nini wadudu wa aina ileile, waliofyonza jani lilelile lenye ugonjwa, wengine wanaambukiza na wengine hawaambukizi kamwe? Mtu wa magonjwa ya mimea angeweza kuandika "baadhi ya wadudu" akaendelea na kazi yake. Storey akaingia katika fani ya urithi. Akawatenga wanaoambukiza na wasioambukiza, akawazalisha, akawachanganya kizazi baada ya kizazi kama wafanyavyo wachunguzi wa nzi wa matunda huko Marekani, na mwaka 1932 akaonyesha kwamba uwezo wa kuambukiza unarithiwa, tena umefungamana na jinsia ya mdudu.

Kisha akauliza kizuizi kiko wapi. Akachukua wadudu wasioambukiza, akawadunga tumboni kwa sindano nyembamba sana ili kuutoboa utumbo, na wakishafyonza jani lenye ugonjwa wakaanza kuambukiza. Hapo ndipo mimi nilipoiweka kalamu chini. Ilikuwa na maana kwamba virusi vinaingia na utomvu, vinafika tumboni, na kwa wadudu wale vinakwama pale, nyuma ya ukuta. Ukiutoboa vinapita kwenda kwenye damu ya mdudu, na kutoka kwenye damu kwenda kwenye mate. Sindano ilifanya kile ambacho mwili wa mdudu ulikataa.

Mwenye kazi ya mbu akisoma maneno hayo anaona meza yake mwenyewe. Na si mimi wa kwanza. Mwaka 1935, huko Princeton, Merrill na Ten Broeck walikuwa na virusi vya ugonjwa wa ubongo wa farasi na mbu wa aina ya Aedes aegypti. Virusi vya upande wa mashariki ya Marekani vilikataa kuenezwa na mbu hao. Wakawatoboa kwa sindano, na virusi vikapita. Idara yao katika taasisi ya Rockefeller ilikuwa ya magonjwa ya wanyama na mimea kwa pamoja. Mwenye farasi na mwenye tumbaku walipishana katika korido moja. Leo kila anayesomea virusi vinavyobebwa na mbu, iwe dengi au chikungunya, anafundishwa habari za ukuta wa utumbo kuwa kizuizi cha kwanza. Ningependa vijana wetu wa vyuo vya afya waambiwe kwamba jaribio hilo lilifanyika Amani, kwa mdudu wa mahindi, miaka 2 kabla ya Princeton.

Nirudi kwenye mihogo. Katika miaka ya 1930 batobato ilikuwa mbaya kiasi kwamba Storey, akiwa na mwenzake R. F. W. Nichols, aliamua kutafuta muhogo unaoistahimili. Walijaribu aina nyingi zilizoletwa kutoka nchi mbalimbali. Nyingi zilishindwa, chache zikavumilia kidogo. Ndipo wakaangalia nje ya muhogo, kwenye jamaa zake wa mwituni na wa mashambani, na ukoo uliowafaa kuliko wote ulikuwa ule mpira uliotupwa na wenye mashamba wa Kijerumani. Kazi ya wachunguzi wa mpira, iliyoonekana imekufa na bei yake mwaka 1913, ikafufuliwa na watu wa muhogo.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, maana ni ya subira. Ua la kike la muhogo hufunguka kabla ya maua ya kiume ya shada lilelile. Mchavushaji analifunika kwa mfuko kabla halijafunguka ili nyuki wasimtangulie, analifunua siku yake ikifika, analipaka chavua ya mpira kwa mkono, analifunika tena, anaandika. Tunda lina mbegu 3 tu kwa kawaida. Mche unaotoka ni chotara: unaikataa batobato, lakini mizizi yake ni myembamba, migumu, haiundi muhogo wa kuchemshwa. Basi chotara huyo anachavushwa tena na muhogo, na watoto wake wanachunguzwa: nani bado anaukataa ugonjwa, na nani ameanza kunenepa mzizi? Waliofaulu wanarudishwa tena kwa muhogo, na tena. Walifanya hivyo mara 3. Kila mzunguko unataka kupanda, kungoja, kuacha ugonjwa uingie shambani kwa makusudi, na kung'oa wengi. Nichols alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki. Ikaendelezwa na kijana aitwaye D. L. Jennings, na mwaka 1957 mpango ukafungwa. Watu wa kilimo walikuwa wameshaanza kuhamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Majengo ya mlimani yakapewa watu wa malaria, ambao kitengo chao kilianzia Muheza mwaka 1949. Fani yangu mimi ilirithi nyumba ya Storey, na kwa muda mrefu kilichorithiwa kilikuwa nyumba tu.

Mwaka mmoja kabla ya kufungwa, mwaka 1956, bahasha ya mbegu ilitumwa Nigeria. Zilikuwa mbegu hasa, zile za kwenye tunda, wala si pingili, kwa sababu pingili hubeba virusi na mbegu haibebi. Zilitokana na chotara mwenye namba 5318/34. Huko Moor Plantation, Ibadan, mmoja wa miche iliyoota ulichaguliwa ukapewa namba 58308. Haukuwa na mazao makubwa. Ulichokuwa nacho ni ustahimilivu, na ukabaki shambani kwa zaidi ya miaka 10.

Mwaka 1971 akafika Ibadan, katika taasisi mpya ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, mtaalamu kutoka Korea ya Kusini, Sang Ki Hahn. Angeweza kuanza na ukurasa mtupu, kwa fahari ya taasisi mpya yenye fedha. Badala yake alikwenda kwenye kazi ya Amani iliyokwisha kufungwa, akauchukua 58308, akauzalisha na mihogo yenye mazao mengi. Humo ndimo zilimotoka mbegu za TMS, mojawapo ikiwa TMS 30572, ambazo wakulima wa Nigeria walizipokea kwa mikono miwili. Watu wa mji wa Ikire walimpa Hahn uchifu. Katika miaka ya 1990 Nigeria iliipita Brazil, nchi ya asili ya muhogo, kwa wingi wa mavuno. Katika mishipa ya mihogo ile kuna utomvu wa mpira wa Tanga.

Zamu yetu ya kupokea ilifika haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali isiyo ya kawaida ilizuka Uganda, upande wa Luwero, ikasambaa mwaka hadi mwaka mpaka Kenya magharibi na Kanda ya Ziwa kwetu. Wakulima waliacha kupanda muhogo, na mahali muhogo ni kinga ya njaa, kuuacha ni kuwa bila kinga. Mwaka 1997 wachunguzi walionyesha kwamba virusi vya aina mbili vilikutana ndani ya mmea mmoja, vikabadilishana vipande vya urithi, na kikazaliwa kirusi kikali kuliko wazazi wake. Kati ya mbegu zilizotumika kuirudisha mihogo Uganda ilikuwepo TMS 30572, ambayo Waganda waliipa jina la Nase 3. Ilikuwa imeondoka mlimani ikiwa mbegu ndani ya bahasha, ikarudi Afrika Mashariki ikiwa na namba ya Ibadan na jina la Uganda, na wengi walioipanda walidhani ni ya Nigeria.

Kuna upande wa pili wa habari hii, nao unaniuma zaidi. Storey mwaka 1936 alieleza ugonjwa mwingine wa muhogo kwenye pwani yetu, tofauti na batobato. Ni michirizi kahawia. Huu ni mwizi wa kimya: majani yanaweza kuwa mazuri, shina likasimama vizuri, na mkulima akangoja kwa matumaini. Siku ya kung'oa anakata muhogo anakuta ndani pamekauka, pana mabaka ya kahawia, haufai kuliwa wala kuuzwa. Nimemwona mama yangu akikata mmoja, wa pili, wa tatu, akaviweka vipande pembeni bila kusema neno. Kwa kuwa Amani ilikuwa karibu na pwani penye magonjwa yote mawili, Storey na wenzake walichagua mihogo kwa yote mawili. Nigeria haikuwa na michirizi kahawia. Kwa hiyo Ibadan, kwa haki kabisa, ilichagua kwa ajili ya batobato peke yake, na nusu ya pili ya kazi ya Amani ikabaki kwenye makaratasi. Iliaminika pia kwamba ugonjwa huo hauvuki mita 1,000 kwenda juu, basi watu wa bara hawakuona sababu ya kuusoma. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, juu ya kimo hicho, ukiitafuna mihogo ileile iliyoshinda batobato.

Aliyewakumbusha wenzake alikuwa Jennings. Baada ya Amani alikwenda Uskochi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Invergowrie, na akawa mzalishaji wa matunda madogo ya nchi za baridi. Tunda liitwalo tayberry, lililotolewa mwaka 1979 na kupewa jina la mto Tay, ni kazi yake. Huko hakuna muhogo wala sababu ya ajira ya kumfanya mtu auwaze. Lakini aliendelea kusoma. Mwaka 1976 kilitoka kitabu kikubwa kuhusu asili ya mimea ya mazao, kilichohaririwa na N. W. Simmonds; humo sura ya rasiberi na jamii yake iliandikwa na Jennings, na sura ya muhogo pia iliandikwa na Jennings. Mwaka 2003, miaka 46 baada ya mpango wake kufungwa, aliandika pamoja na R. J. Hillocks mapitio ya yote yaliyojulikana kuhusu michirizi kahawia. Yalitoka mwaka mmoja tu kabla ya ugonjwa kuonekana Uganda. Waliokuwa wanaanza upya wakakuta wameandaliwa ramani.

Na kwenye ramani hiyo ilikuwepo hazina. Wakulima wa kusini mwa Tanzania wana muhogo wanaouita Namikonga, ambao michirizi kahawia huushinda kwa shida. Wakulima wa pwani ya Kenya wana wa kwao wanaouita Kaleso. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ni mmoja: ni 46106/27, chotara wa Amani. Taasisi ilifunga daftari, lakini wakulima waliendelea kukata pingili na kupeana, jirani kwa jirani, kaskazini mpaka Kenya na kusini mpaka mikoa ya mbali. Wazalishaji wa leo wanaotafuta muhogo wa kuhimili michirizi kahawia wanaitumia Namikonga kuwa mzazi.

Wapo wanaoniuliza fundi wa mbu anapata wapi muda wa haya. Ninaupata kwa sababu yananihusu. Dawa za jamii ya pairethroidi zinazonyunyiziwa mboga na pamba ni za ukoo mmoja na zile zilizomo kwenye vyandarua tunavyolalia. Mbu anayekulia kwenye maji ya shamba lililonyunyiziwa anafika kwenye chandarua akiwa ameshazizoea. Bibi shamba anajua wakulima wake wananunua dawa gani na mwezi gani. Mimi najua mbu wangu wanakufa wangapi nikiwajaribu. Tusiposomeana, kila mmoja wetu ana nusu ya jibu. Inzi mweupe anayeeneza batobato naye ana ukuta wa utumbo ambao virusi lazima viuvuke, na wanaomchunguza hukutana na maswali ambayo sisi wa mbu tumeyazungukia kwa miongo. Zamani makala hizi zilifungiwa kwenye maktaba za mbali. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi zetu majarida mengi bila malipo, na mengine sasa yako wazi kwa kila mwenye simu. Kinachokosekana ni desturi tu, ile iliyokuwepo mlimani, ya kuvuka korido.

Sisi wachache tumeianza tena: watu wa mbu, watu wa mihogo, mwalimu wa baiolojia wa sekondari, na bibi shamba mmoja ambaye maswali yake ni magumu kuliko ya wote. Sharti letu ni kwamba unaleta makala ya fani isiyo yako, unaieleza kwa Kiswahili mpaka wenye fani hiyo waridhike kwamba umeielewa, ndipo nao wanaongeza. Bibi shamba alishatuletea ile ya Storey ya mwaka 1932, ya urithi wa wadudu, akatuchorea vizazi vyote ubaoni. Kikao kijacho mwalimu anakuja na michirizi kahawia, na ameomba nimtafutie muhogo ulioharibika wa kuukatia mbele ya wanafunzi wake. Mama amesema shambani kwake wa kumpa hatakosekana.